Karani wangu anatakiwa kwenye televisheni: nimpeleke, au nibaki naye jukwaani?

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, na ninakuandikia wewe kwa sababu inafahamika kwamba uliyaishi maisha ya jukwaani kabla ya kuketi na kuwashauri wengine. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka saba, na kwa miaka 11 sasa kazi yangu ni kusimama peke yangu mbele ya watu na kuwachekesha. Nilianza kwa dakika tano za mwisho wa usiku, wakati nusu ya watazamaji wamekwisha kuondoka, na leo nina onyesho langu mwenyewe la dakika 65 ambalo nimezunguka nalo mji baada ya mji kwa miaka mitatu. Mwaka uliopita nililala nje ya nyumba yangu mara 140. Idadi hiyo ninaijua kwa sababu mume wangu aliihesabu.

Kilele cha onyesho ni mhusika ninayemwita Bi Rudi Kesho, karani wa ofisi ambaye hana haraka na dunia, miwani yake huteremka hadi ncha ya pua, na kila anayefika dirishani kwake hukuta kwamba fomu yake imekosa kitu. Anachukua dakika 20 za mwisho na hajawahi kuniangusha. Watu hunisimamisha njiani wakitaka niwaambie "rudi kesho", nami huwaambia, hata ninapokuwa nimechoka.

Miezi miwili iliyopita kampuni moja ya utayarishaji iliniita kwa ajili ya tamthilia ya vichekesho ya televisheni. Wanataka niigize mpokezi wa hospitali ambaye, kusema kweli, ni Bi Rudi Kesho aliyebadilishwa jina na kuvalishwa koti jeupe. Msimu wa kwanza una vipindi 13, upigaji picha utachukua miezi mitano, na mkataba unawapa wao hiari ya kuniita kwa misimu mingine mitatu. Malipo ni makubwa kuliko chochote nilichowahi kukipata. Lakini kipo kifungu kinachosema kwamba katika muda wote wa mkataba sitamwonyesha mahali pengine popote mhusika "anayefanana" na huyo, na kingine kinachosema kwamba lolote nitakalobuni nikiwa kwenye seti litakuwa mali ya kampuni. Wakati huohuo promota wangu amekwisha kutangaza ziara ya miji 14, na sita kati ya hiyo inaangukia ndani ya miezi hiyo mitano.

Usaili wenyewe ulinitia hofu. Nilifanya kile ninachokifanya kila usiku, na chumba kikawa kimya kama chumba cha mtihani. Mwongozaji aliniambia kwa upole: "Punguza, kamera iko karibu." Nilipunguza, nikahisi sifanyi kitu chochote, na yeye akasema ndivyo alivyotaka. Nimerudi nyumbani nisijue kama nimesifiwa au nimehurumiwa.

Yapo na mengine. Wiki tatu zilizopita kijana aliyeketi safu ya tatu alimalizia mzaha wangu kabla sijaumaliza mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Aliuona kwenye simu, akaupenda, akaukariri. Ukumbi ulicheka kwa sababu yake, nami nikacheka nao ili mambo yaendelee. Mume wangu naye hanizuii kufanya kazi, ila ameniambia kwamba amechoka kuishi na mtu anayewamalizia wageni maneno yote, kisha anarudi nyumbani bubu.

Naomba uniambie waziwazi, Mjomba. Je, niache ziara nikawe mwigizaji, au niwakatalie na kubaki na jukwaa lililonilea? Wachekeshaji wenzangu wamegawanyika, nusu wananiita mjinga kwa kusitasita na nusu wananiita msaliti kwa kufikiria tu.

Mpwa wako,
Mchekeshaji wa Safarini

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako ina maswali mawili, nawe umelitanguliza lile jepesi. Televisheni umeieleza kwa urefu, mkataba umeuchambua kifungu kwa kifungu, kisha yule kijana wa safu ya tatu umempitisha upesi kana kwamba ni kisa cha njiani. Mimi ninaanzia kwake, kwa sababu ninaamini kwamba asingefungua kinywa usiku ule, barua hii usingeiandika.

Mzaha ni mtego. Sehemu ya kwanza huwapeleka watu upande mmoja, na sehemu ya pili hufyatuka upande ambao hawakuutazamia. Mwimbaji akianza wimbo ambao watu wameukariri, ukumbi mzima huinuka na kuimba naye, na kadiri wimbo unavyozeeka ndivyo unavyopendwa. Mchekeshaji hakupewa neema hiyo. Bi Rudi Kesho anaweza kuipata kidogo, kwa kuwa mhusika akishapendwa watu hufurahi kumwona tu akiingia, lakini dakika 45 zinazomtangulia hazina kinga yoyote. Kijana huyo hakukuibia kitu. Alikuonyesha tu kwamba mtego wako umekwisha kujulikana ulipo.

Ziara huuficha uchovu wa onyesho kuliko kitu kingine chochote ninachokifahamu. Kila usiku mji ni mpya, nyuso ni mpya, kicheko kinakuja mahali palepale kilipokuja jana, na mchekeshaji hujiambia kwamba anafanya kazi kwa bidii, ilhali kwa kweli anasafiri kwa bidii. Hili nililijua kwa gharama yangu. Nilizunguka na onyesho lile lile la saa moja kwa miaka mitano, nikijisifu kwamba sikuwahi kubuma, hadi usiku mmoja nilipotupa jicho pembeni mwa jukwaa na kumwona fundi wa sauti, tuliyekuwa tukisafiri naye, akiyatamka maneno yangu bila sauti, midomo yake ikiwa imeitangulia yangu. Watazamaji walikuwa wakicheka vizuri sana usiku ule. Aliyekuwa hayupo ni mimi.

Waliodumu katika kazi hii wengi wao walikuwa na namna yao ya kujilazimisha kuanza upya. Mchekeshaji wa Marekani George Carlin alitoa vipindi maalumu 14, yaani maonyesho yake kamili yaliyorekodiwa, kupitia kituo cha televisheni cha HBO kati ya 1977 na 2008, na asingefikia idadi hiyo kama asingekuwa na desturi ya kuliacha onyesho likishapigwa picha na kuanza kulitunga jingine. Mwenzake Jerry Seinfeld, baada ya tamthilia yake ya vichekesho iliyorushwa tangu 1989 kumalizika mwaka 1998, aliifanya mizaha yake ya zamani kwa mara ya mwisho mwaka huohuo, kisha akarudi kwenye klabu ndogo kuanza na dakika chache mpya. Ipo filamu ya hali halisi ya 2002 inayomwonyesha katika kipindi hicho, mtu ambaye uso wake ulijulikana karibu kila mahali, akipoteza uzi katikati ya maneno yake mbele ya watu wachache. Mchekeshaji yeyote anayeogopa kuonekana hajui anapaswa kuitazama filamu hiyo angalau mara moja. Umaarufu ulimpa dakika chache za uvumilivu wa watazamaji. Baada ya hapo alitakiwa kuchekesha kama mtu mwingine yeyote.

Na kama umeanza kuiona miaka 36 kuwa ni mingi mno kwa kuanza upya, Phyllis Diller alipanda jukwaani kama mchekeshaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 akiwa na miaka 37, tayari ni mama wa watoto watano. Mizaha yake aliiandika kwenye kadi, moja moja, na kuzipanga kwa mada ndani ya kabati la chuma. Kabati hilo liko leo katika hifadhi ya makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, na kadi zake zinazidi 50,000. Ninalitaja kabati hilo kila ninapoweza kwa sababu vijana wengi wanaonijia huamini kwamba kichekesho hushuka chenyewe kama umande.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu mtayarishaji lolote, ninakutaka uanze kulitengeneza onyesho lako jipya, na ulitengeneze ukiwa bado unafanya la zamani. Usizitupe dakika 65 zote kwa mkupuo, kwani utakufa njaa na promota atakufa pamoja nawe. Zichague tano zilizo dhaifu kuliko zote, uzitoe, na mahali pake uweke tano mpya, ukizipandikiza katikati ya mzaha unaouamini na mzaha mwingine unaouamini, ili zikianguka uwe na pa kushika. Zikishasimama, zitoe nyingine tano. Rekodi sauti ya kila onyesho na uisikilize kesho yake asubuhi, hata kama sauti yako mwenyewe inakuchukiza, nawe usisikilize ukubwa wa kicheko bali mahali kilipoanzia: kikianza kabla ya neno la mwisho, kila neno lililobaki baada yake ni mzigo, ulikate. Na vile vipande ambavyo tayari vimezagaa kwenye simu za watu, viage. Vipige picha vizuri, uvitoe wewe mwenyewe mtandaoni kwa jina lako, viwe tangazo la ziara badala ya kuwa sehemu yake. Wapo wakubwa ambao siku hizi huwataka watazamaji wafungie simu zao ndani ya vifuko maalumu hadi onyesho liishe, lakini hatua hiyo ni ya watu wanaoweza kuwafanya maelfu wasubiri mlangoni bila kununa.

Sasa tuje kwenye televisheni, ambayo mimi siipingi hata kidogo.

Ukimya wa chumba cha usaili haukuwa hukumu. Jukwaani kicheko ndicho saa yako: kinakuambia lini usubiri, lini uendelee, lini uinue sauti, na kwa miaka 11 umefanya kazi ukiwa na mwenzako asiyeonekana anayekupigia ngoma. Mbele ya kamera mwenzako huyo hayupo. Mafundi wakicheka wanaharibu sauti, kwa hiyo hata wanaofurahi huuma midomo. Waigizaji wa vichekesho waliotoka jukwaani karibu wote hupitia mshangao huo, na wengi hujibu kwa kuongeza nguvu, hapo ndipo wanapoharibika, kwa sababu jicho lililoinuliwa kidogo na kuonekana hadi safu ya mwisho ya ukumbi huwa kubwa kama mlango likijaza kioo cha televisheni. Mwongozaji aliyekuambia upunguze alikuwa anakufundisha kazi, tena bila kukutoza.

Liko na jambo jingine gumu zaidi kuliko kupunguza. Jukwaani wewe ni mwandishi, mwongozaji, mwigizaji na mwenye mkasi wa kukata. Katika tamthilia unabaki mwigizaji tu. Charlie Chaplin alipoingia kwenye filamu, akitoka katika miaka ya ziara na kundi la vichekesho vya jukwaani la Fred Karno, filamu yake ya kwanza ya 1914 ilimuudhi kwa sababu aliona kwamba vipande vyake vizuri vilikatwa wakati wa uhariri. Haukupita mwaka kabla hajaanza kuziongoza filamu zake mwenyewe. Wewe hutapewa uongozaji mwaka wa kwanza, na sikushauri uudai, lakini ujue mapema kwamba kuna siku utautazama mzaha wako uupendao na kukuta umebaki uso wa mwenzako akikusikiliza. Halafu utagundua, kama nilivyogundua mimi baada ya kununa kwa wiki nzima, kwamba mara nyingi kicheko kiko kwenye uso huo wa anayesikiliza. Hilo jukwaa la peke yako haliwezi kukufundisha, na kwa hilo pekee ningekwenda.

Muulize pia mtayarishaji swali ambalo sikuliona katika barua yako: je, tamthilia itapigwa mbele ya watazamaji au la? Ni kazi mbili tofauti. Katika ile ya kwanza, ambayo mchekeshaji wa Marekani Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz waliipa sura tunayoijua leo walipoanza tamthilia yao mwaka 1951, kamera kadhaa hupiga kwa wakati mmoja huku watu wameketi ukumbini wakicheka, na mtu wa jukwaani hujikuta nyumbani. Katika ile ya pili, tukio moja hupigwa mara nyingi kutoka pembe mbalimbali, na unaweza kuutamka mzaha uleule mara 15 kuanzia alfajiri, kila mara kwa namna ile ile ili vipande viungane. Usaili wako unanionyesha kwamba ni hii ya pili. Kama ndivyo, kabla ya kuanza tafuta mwalimu wa uigizaji wa mbele ya kamera, si mwalimu wa vichekesho, ukafanye naye mazoezi ya kumsikiliza mwenzako na kunyamaza.

Huyo huyo Lucille Ball ananipeleka kwenye mkataba. Yeye na mumewe walikubali kupunguziwa malipo ili wabaki na umiliki wa vipindi vilivyopigwa kwenye filamu, wakati ambapo wakubwa wa kituo cha televisheni cha CBS hawakuona thamani yake kubwa, na miaka michache baadaye CBS hiyo hiyo ilivinunua vipindi hivyo kwa mamilioni ya dola. Wewe huna nguvu ya kudai vipindi. Una nguvu ya kumdai Bi Rudi Kesho, nayo ni nguvu kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu ni yeye aliyewafanya wakupigie simu.

Kifungu cha mhusika "anayefanana" usikisaini kama kilivyo. Kufanana ni neno lisilo na mipaka; kwa mkataba huo, mtu wa kwanza kuvunja kifungu ni wewe mwenyewe, siku utakapopanda jukwaani na miwani kwenye ncha ya pua. Mwanasheria anayezijua kazi za sanaa, na ninakusihi usimtumie ndugu aliyesomea mambo ya ardhi, aandike katika mkataba kwamba Bi Rudi Kesho ni mhusika wako uliyembuni kabla ya tamthilia, amtaje kwa jina, aieleze miwani, sauti, mwendo na msemo wake, na aambatishe rekodi za maonyesho yako zikiwa na tarehe. Maelezo hayo ni ya lazima kwa sababu sheria za haki miliki kwa kawaida hulinda kazi ilivyotungwa na kuhifadhiwa, hazilindi wazo tupu. Karani mkaidi ni wazo la kila mtu, ila karani wako, kwa maneno yake na vituko vyake, ni wako. Kisha mpokezi wa hospitali afafanuliwe vivyo hivyo awe mtu mwingine kweli. Mpe kasoro nyingine. Pengine huyu ana haraka kupita kiasi, anawahudumia watu kabla hawajasema shida yao. Waandishi wa tamthilia huenda wakakushukuru, kwa kuwa mhusika aliyeazimwa jukwaani hudumu dakika 20, nao wana vipindi 13 vya kujaza.

Kama hawatakubali mpokezi tofauti na wanamtaka karani mwenyewe, basi hayo ni mazungumzo mengine na malipo mengine: hapo hawakuajiri kuigiza, wanaazima mali yako, na ni lazima utajwe kuwa mbunifu wake na mkataba uonyeshe atarudi kwako lini. Inawezekana kabisa mhusika akatoka jukwaani na kwenda televisheni pasipo kumpotea mwenyewe. Mr. Bean hakuzaliwa kwenye televisheni. Rowan Atkinson alikuwa amekwisha kumfanyia kazi jukwaani, na mwaka 1987, katika tamasha la vichekesho la Montreal, aliomba apangwe katika usiku wa wasanii wa Kifaransa, mbele ya watu ambao hakuwa akiwategemea waelewe Kiingereza, apate kujua kama mwili peke yake unatosha kuchekesha. Tamthilia yenyewe ilianza kurushwa 1990. Mjaribu Bi Rudi Kesho kwa namna hiyo siku moja: mnyang'anye maneno yote, hata lile la "rudi kesho", uone kinachobaki.

Kuhusu kile watakachokiita mali ya kampuni, mistari unayobuni papo hapo ndani ya tamthilia ni yao, hilo ni la kawaida na halina haja ya vita. Kinachotakiwa kuandikwa ni kwamba mizaha yako ya jukwaani, ya zamani na itakayotungwa katika muda wa mkataba, haimo. Nawe kwa upande wako usiwe mkarimu mno kwenye seti; usichukue dakika mpya uliyoitafuta miezi miwili ukaitupa kwenye tukio la ndani ya lifti kwa kuwa tu mwongozaji amesema "ongeza chochote". Ile hiari ya misimu mitatu iambatane na ongezeko la malipo lililotajwa kwa tarakimu, na tarehe ya mwisho ya wao kukuambia kama wanakuhitaji au la, vinginevyo utakaa miezi ukiwa huajiriwi wala huachiliwi.

Miji sita: mpigie promota leo, kwa sauti, usimtumie ujumbe. Omba tarehe zisogezwe, ujitolee kubeba sehemu ya gharama za matangazo mapya, na ile miji ambayo tiketi nyingi zimekwisha kuuzwa uifanye katika siku za mapumziko ya upigaji picha, ambazo utazidai ziandikwe kwenye mkataba. Promota aliyekuamini ulipokuwa hujulikani utamhitaji tena.

Umeniuliza kama uwe mwigizaji au ubaki na jukwaa. Wapo walioondoka jukwaani na hawakupungukiwa. Steve Martin, aliyesimulia katika kumbukumbu zake za 2007 kwamba miaka yake 18 jukwaani ilikuwa kumi ya kujifunza, minne ya kunoa na minne ya mafanikio makubwa, aliacha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa kileleni, kumbi zikiwa zimekua mno hata vichekesho vyake vya vitu vidogo havikuonekana tena. Eddie Murphy naye filamu ya onyesho lake la 1987 ilikuwa ya mwisho ya aina hiyo, na sinema ilimtosha. Lakini hao waliondoka wakiwa wamelimaliza jambo walilokuwa wakilifanya. Wewe ukiondoka sasa utakuwa umemkimbia kijana wa safu ya tatu, na utalijua hilo kila utakapoulizwa lini unarudi. Nenda kwenye televisheni ukiwa na onyesho jipya lililoanza kuchemka, na ubakize angalau usiku mmoja kwa wiki, katika ukumbi mdogo ulio karibu na seti, bila bango na bila Bi Rudi Kesho. Wenzako wanaokuita msaliti hawatakulipia karo ya mtoto, kwa hiyo hao nisiwaongezee maneno.

Nimemwacha mumeo mwisho, ingawa yeye ndiye aliyenigusa kuliko wote. Ububu anaousema haukutokana na kumchoka. Mtu akitoka jukwaani mwili hubaki umewaka kwa saa kadhaa, kisha huzimika ghafla, na wanaomngojea nyumbani hupokea majivu. Mimi nilimfanyia mke wangu hivyo kwa miaka mingi, nikidhani kwamba kimya changu ni mapumziko tu, hadi aliponiuliza kama ninamhitaji anunue kiingilio. Usimwahidi kwamba televisheni italitatua hilo. Miezi mitano hiyo utalala nyumbani, naam, lakini utaamka kabla ya alfajiri na kurudi ukiwa na mistari ya kesho ya kukariri. Mwombe muiangalie kalenda pamoja kabla ya kusaini, mchague siku mbili kwa wiki ambazo hazitaguswa na kazi, na siku hizo zimo ndani ya mambo ambayo mwanasheria atayapigania. Na kama yeye na mtoto wamo ndani ya mizaha yako, jambo ambalo hukulisema nami nadhani ni kweli, wasomee kwanza hiyo mizaha sebuleni. Mtoto wa miaka saba ana haki ya kusema hataki.

Mtayarishaji atasubiri wiki mbili. Waliokusubiri miezi miwili wanaweza. Katika wiki hizo mbili tafuta ukumbi usiokujua, omba dakika kumi, na usipande na mzaha wowote uliowahi kuufanya. Ukibuma, na huenda ukabuma, rekodi ni hiyo hiyo, isikilize asubuhi. Kisha niandikie tena, unieleze walivyosema kuhusu kifungu cha karani na zile dakika kumi zilikwendaje.

Mjomba